Nakili picha za wazee wako nyumbani, kwa vifaa vya kujitengenezea

Mwezi wa Rajabu uliopita shangazi yangu aliniita kwake Kibokoni, akanivutia kasha la mbao kutoka mvunguni mwa kitanda. Lilikuwa halijafunguliwa tangu mumewe afariki. Ndani mlikuwa na picha zaidi ya mia mbili, nyingi nyeusi na nyeupe, nyengine zina muhuri wa studio ya Parekh kwa nyuma, nyengine hazina hata jina. Koga ilishaanza kuzila. Baadhi zilikuwa zimegandana kama manda za sambusa zilizosahauliwa kupakwa mafuta. Na moja, picha ya pekee tuliyonayo ya nyanya yangu akiwa msichana, ilikuwa imenata kwenye kioo cha fremu yake, haitoki.

"Mwanangu, zinakili hizi kabla hazijamalizika," aliniambia. "Lakini zisitoke nyumba hii."

Sharti hilo ndilo lililozaa makala haya. Zaidi ya nusu ya picha zile ni za harusi na makesha, za wanawake ndani ya ua, nywele zimefunguliwa, asumini kichwani, hina hadi magotini. Walipigwa kwa makubaliano kwamba watakaoziona ni watu wa nyumbani. Miaka kadhaa nyuma jamaa yetu mmoja alipeleka picha kama hizo zikakuzwe katika studio moja ambayo sitaitaja. Baada ya wiki chache moja wapo ikaonekana kwenye kundi la WhatsApp la watu tusiowajua. Aliyekuwa ndani ya picha alikuwa ameshafariki. Watoto wake walilia kana kwamba wanamzika tena.

Kwa hivyo fundi hakufaa. Kununua mashine ya skana niliwaza, lakini bei yake nilipoiuliza nilirudi nyumbani kwa miguu. Tena skana inataka picha ibanwe chini ya kifuniko, na picha iliyojikunja au iliyonata kwenye fremu haibaniki. Nikakumbuka kwamba kamera ninayo mfukoni. Simu nyingi za siku hizi zinapiga picha nzuri ya kutosha kunakili picha ya ukubwa wa kiganja. Zinachokosa ni vitu vitatu: kutulia, kunyooka na mwanga uliopimwa. Vitu hivyo vitatu havinunuliwi. Vinatengenezwa.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka wapiga picha wa Likoni, pale feri, miaka ya tisini. Studio zao zilikuwa mbao, misumari na mapazia yaliyochorwa, na watu walipanga foleni. Wengi wao walikuwa watu wa bara, na ghasia za Agosti 1997 zikawatawanya. Nilikuwa mtoto, nikisimama kuwatazama wakitundika shuka nyeupe kupunguza ukali wa jua. Sikujua kwamba nilikuwa darasani.

Sasa tuingie kazini.

Kitu cha kwanza ni stendi. Nilichukua kipande cha plaiwudi cha sentimita 50 kwa 40 kwa fundi seremala wa mtaani. Hakunitoza kitu, kwake ilikuwa takataka. Upande mmoja nikasimamisha mbao ya urefu wa sentimita 60, nikaipigia vibao viwili vya pembe tatu isitikisike. Juu yake nikafunga mkono wa mbao unaoelekea katikati ya ubao, urefu wa sentimita 30 hivi. Simu inalala juu ya mkono huo, kamera imechungulia nje ya ukingo ikitazama chini, na mipira miwili ya kufungia noti inaishika. Ukitaka kupandisha na kushusha mkono, toboa mbao iliyosimama matundu kila baada ya sentimita tano na upitishe bolti yenye nati ya masikio, ile inayokazwa kwa vidole.

Ubao wa chini nimeufunika kwa kipande cha buibui kuukuu. Sikuchagua buibui kwa mapambo. Kitambaa cheusi kisichong'aa hakirudishi mwanga, kwa hivyo hakipeleki weupe kwenye picha, na programu ya simu inauona ukingo wa picha vizuri.

Kunyoosha simu ndiko kunakowashinda wengi. Simu ikiinama hata kidogo, picha ya mraba inatoka kama mkeka uliovutwa upande mmoja. Usitegemee macho. Weka kioo kidogo cha kujitazamia juu ya ubao, mahali picha itakapolala, kisha tazama simu inaonyesha nini. Kamera itajiona yenyewe ndani ya kioo. Sogeza mpaka jicho la kamera liwe katikati kabisa ya skrini. Hapo ubao na simu vinatazamana sawasawa, na huhitaji chombo chengine cha kupimia. Vipande vya kadibodi chini ya simu vitakusaidia kuinua pembe inayolala.

Mwanga sasa, na hapa ndipo nilipoharibu siku mbili nzima.

Kanuni yake ni nyepesi. Mwanga ukigonga kitu kinachong'aa hurudi kwa pembe ileile uliyojia, upande wa pili. Fleshi ya simu iko karibu na jicho la kamera, kwa hivyo ikigonga picha inayong'aa inarudi moja kwa moja kwenye jicho, na utapata doa jeupe mahali pa uso wa mtu. Zima fleshi, usiiwashe tena. Badala yake weka taa mbili, moja kulia na moja kushoto, kila moja ikimulika picha kwa mshazari wa nyuzi 45. Mwanga wa kulia utakwenda zake kushoto, wa kushoto utakwenda kulia, na kamera iliyo juu katikati haitapigwa na wowote.

Taa zangu ni balbu mbili za LED za wati 9 kwenye holda za kawaida, zilizofungwa juu ya vibao. Nyaya aliniungia fundi wa stima, na wewe fanya hivyo hivyo. Selotepu si kiungo cha umeme. Kila balbu nimeizungushia nusu ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa na kingo zake kukunjwa zisikate vidole, ili mwanga uende kwenye picha usimulike lenzi. Usitumie balbu za zamani zinazopata moto, kwani mbele ya taa tunatundika kitambaa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutumia balbu zilizokuwa nyumbani: moja ya mwanga mweupe, nyengine ya njano. Picha zilitoka nusu samli nusu maziwa, na hakuna programu iliyoweza kuzirekebisha. Nunua balbu mbili za aina moja, kutoka duka moja, siku moja. Unaponakili, zima taa ya dari na uvute mapazia, maana mwanga wa nje una rangi yake. Na kabla hujalipa, mwambie muuza duka aziwashe, uzitazame kupitia kamera ya simu. Balbu nyengine za bei ndogo zinapepesa haraka sana. Jicho haliioni pepesa hiyo, lakini kamera inaionyesha kama mistari inayotembea. Ukiiona mistari, rudisha.

Utajuaje kwamba taa mbili zimelingana? Simamisha penseli katikati ya ubao. Itatupa vivuli viwili. Vikiwa na urefu mmoja na weusi mmoja, taa zako ziko sawa. Kimoja kikiwa kizito zaidi, taa iliyo upande wa pili wake ina nguvu zaidi, basi irudishe nyuma. Usiirudishe sana: ukiiweka mbali mara mbili, mwanga wake hauwi nusu, unakuwa robo.

Mbele ya taa nikatundika kitambaa cheupe chepesi ili mwanga ulainike. Nilinunua mita mbili za bafta. Shangazi alinikuta sebuleni naikata kwa makasi, akashika kifua. "Inna lillahi! Nani?" Ilinichukua muda kumweleza kwamba hakuna aliyekufa. Kama nyumbani kwenu kuna mtu mwenye moyo mwepesi, tumia karatasi ya kuokea keki, inafanya kazi ileile.

Hesabu yangu yote, balbu, holda, waya, bolti na bafta, haikufika Sh1,500. Mbao na mkebe sikuvilipia.

Ile picha ya nyanya iliyonata kwenye kioo ilikuwa mtihani peke yake. Watu watakwambia uitie maji, au uipitishe wembe. Ukifanya hivyo sura yote inaweza kubaki kwenye kioo. Iache ilivyo, uifute kioo kwa nje tu, na uinakili humohumo. Mara ya kwanza nilipojaribu nilimwona nyanya yangu, na juu yake nikaona kivuli cheupe kama jini. Nilikuwa nimetoka msikitini na kanzu, nimeinama juu ya stendi, na kioo kikaniakisi. Dawa yake ni kadibodi nyeusi yenye tundu la ukubwa wa jicho la kamera: unaivisha simu, kamera inachungulia tunduni, na kioo kinachobaki kuakisi ni weusi mtupu. Mimi niliongeza buibui la mke wangu, nikalitundika kama pazia mbele yangu. Nyanya akatoka wazi, hadi ushanga wa shingoni.

Kwa kupiga penyewe: safisha lenzi kwa kitambaa laini. Usivute karibu kwa vidole, maana kuvuta huko mara nyingi ni kukata tu. Shusha mkono wa stendi badala yake, lakini si karibu mno hadi kingo zipinde. Bonyeza skrini juu ya uso wa mtu na ukae nayo mpaka simu ifunge umakini wake. Weka kipima muda cha sekunde mbili au tatu ili kidole chako kisitikise chochote. Pembeni ya picha weka ukanda wa karatasi nyeupe. Baadaye programu itautumia kujua weupe wa kweli ni upi. Geuza picha upige na mgongo wake pia. Migongoni ndimo mlimo na majina, tarehe na mihuri, na katika kasha la shangazi migongo ilitusaidia kuliko nyuso.

Shika picha pembeni, mikono mikavu. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi, usifute kwa kitambaa chenye maji. Zile zenye koga zifanyie barazani ukiwa umefunika pua, na usizichanganye na nzima.

Kuhusu negativu: ukizikuta, usizitupe, maana humo mna picha iliyo safi kuliko iliyosafishwa. Chukua tableti au simu ya pili, ifungue skrini iwe nyeupe tupu, weka juu yake kipande cha kioo kilichoinuliwa sentimita mbili ili vidoti vya skrini visionekane, kisha negativu juu ya kioo, na kadibodi nyeusi kuzunguka. Zima taa zote. Ukishapiga, programu ya kuhariri itageuza weusi kuwa weupe. Kwa negativu ndogo utahitaji kioo cha kukuzia, kile wanachobandika mafundi saa jichoni. Kishike mbele ya lenzi.

Narudi kwenye lile sharti la shangazi, kwa sababu stendi peke yake haikulitimiza. Picha za wanaume na za watoto nilizinakili mimi. Zile za makesha alizinakili binti yangu pamoja na mamake, mlango umefungwa, na mimi nilikaa barazani na kahawa yangu. Simu iliyotumika ilitolewa laini na kuzimwa intaneti. Hili naomba mlisome mara mbili: programu kama Google Photos hupeleka picha zako mtandaoni zenyewe ukiwa umeziruhusu, na wengi wetu tuliruhusu siku ya kwanza bila kusoma. Ingia kwenye mipangilio, zima uhifadhi wa mtandaoni kabla ya kupiga picha ya kwanza. Mkimaliza, hamishia faili kwenye fleshi diski kwa waya, kisha uzifute kwenye simu, na uzifute tena kwenye lile kapu la takataka la simu, ambamo hukaa siku kadhaa zikingoja. Tulitengeneza fleshi mbili. Moja iko kwa shangazi, nyengine kwa binti yake Malindi, maana nyumba ikiungua au kufurika, mbili zilizo nyumba moja ni sawa na moja. Kutumiana kwa WhatsApp tulikataa kabisa. Mbali na siri kutoka, huibana picha ikapoteza ubora, na kazi yote ya taa ikawa bure.

Yuko atakayesema nimekuza jambo, kwamba watu wenyewe ni marehemu. Mimi nasema waliaminiana na aliyezipiga, na amana haifi na mwenyewe.

Vifaa hivi havina kazi moja. Jirani yetu anayeuza achari na halua kwa simu aliziona taa akaniomba. Nikamfanyia kisanduku: katoni ya tambi, upande wa kushoto, kulia na juu nimekata madirisha na kuyaziba kwa karatasi ya keki, ndani nimelaza karatasi ya manila nyeupe iliyopanda nyuma bila kukunjwa ili pasionekane kona. Taa mbili nje, chupa ya achari ndani. Kwa nyuso za watu kinatosha kibao cha kurudishia mwanga: karatasi ya foili ifinyange, uikunjue tena, uibandike kwenye kadibodi. Mikunjo ndiyo inayoutawanya mwanga usiunguze macho. Upande wa pili wa kadibodi uache mweupe, kwa mwanga wa upole.

Na kama stima imekatika, dirisha linatosha, ila chagua dirisha kwa majira. Mombasa iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua letu linahama. Wakati wa kusi, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, na dirisha linalotazama kusini lina mwanga laini usio na miale. Wakati wa kaskazi ni kinyume chake. Wazee waliojenga nyumba zetu walilijua hilo kwa ajili ya joto. Sisi tulitumie kwa picha.

Wanaopiga nje wanaulizia stendi ya miguu mitatu. Ipo ya bei ya kamba. Chini ya kamera nyingi pana tundu la bolti ya robo inchi, yenye meno 20 kwa inchi. Nunua bolti fupi ya kipimo hicho, ifunge kamba ndefu kidogo kuliko kimo chako, ikaze chini ya kamera, uachie kamba ifike chini, uikanyage na uvute kamera juu mpaka kamba ikaze kama ya jarife. Mtetemo wa mkono unapungua sana. Angalia sana dukani: wauzaji wengi watakupa bolti ya milimita 6 wakisema ni ileile. Robo inchi ni milimita 6.35 na meno yake yana nafasi nyengine. Ya milimita 6 itaingia ikilegea, itakula meno ya kamera, na siku moja itadondosha mali yako. Kwa simu, kanunue kishikio chenye tundu hilo. Au fanya kama ninavyofanya juu ya ukuta wa Fort Jesus: soksi iliyojaa mchele, simu imezama juu yake.

La mwisho ni hifadhi, maana hewa yetu ya chumvi na unyevu ndiyo iliyoharibu kasha. Picha tulizirudisha ndani ya bahasha za karatasi, si nailoni, katika chombo chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vinanyonya unyevu kisha vinashiba. Vikishiba, viweke kwenye sufuria kavu juu ya makaa yaliyokaribia kuzimika, ukivigeuza, karatasi yake isiungue. Watoto wasivichezee. Lenzi za kamera pia zikae humo, la sivyo zinaota kuvu kama utando wa buibui ndani ya kioo, na fundi wa kuziosha ni ghali.

Ijumaa iliyopita tulimwonyesha shangazi zote kwenye televisheni, wanawake peke yao kwanza, kisha tukaingia sisi kwa zile zinazotuhalalia. Binti yangu alirekodi sauti yake akitaja majina, picha moja baada ya moja, na mkononi ana penseli laini ya kuandikia migongoni. Kalamu ya wino usitumie, inapenya mbele. Katika picha ya gatini Lamu wamesimama vijana wanne. Watatu aliwajua papo hapo. Wa nne alimtazama muda mrefu, akaomba picha ikuzwe, ikakuzwa mpaka sura ikajaa skrini.

"Huyu muulizeni Bi mkubwa wa Shela," akasema. "Mwahini wiki hii. Hali yake si nzuri."

Tumekata tiketi za Jumatano. Stendi inafunguka kwa bolti nne, inaingia kwenye mfuko wa unga.